INJINI NGENI KWENYE GARI LA ZAMANI: PIGA HESABU HIZI KABLA HUJAMPA FUNDI HELA

Mfanyabiashara mwenzangu, kama unauza mtandaoni ukiwa Boko, unajua kabisa kwamba gari ni sehemu ya duka lako. Mzigo unaufuata Kariakoo, zaidi ya kilomita 20 kwa Barabara ya Bagamoyo. Mteja wa Mbezi Beach anautaka leo leo, wa Temeke analipa akiuona kwa macho. Boda anabeba boksi moja. Corolla wagoni yako ya miaka ya 1990 inabeba kumi, na bado mtu wa kukusaidia anapata pa kukaa.

Sasa injini imechoka. Inakula oili, asubuhi inatoa moshi wa bluu, kilima kidogo tu inalia. Fundi anakwambia: "Bosi, hii tuitoe, nikufungie 1NZ, utasahau shida." Mwingine anasema weka dizeli. Shemeji anasema funga gesi. Umchague nani?

Kanuni yetu leo ni moja, ishike: INJINI INAWEZA KUWA NGENI KWENYE BONETI, LAKINI ISIWE NGENI MJINI. Yaani si lazima iwe ile gari lilizaliwa nayo, ila iwe ni injini ambayo spea zake na mafundi wake wamejaa Dar. Tuende taratibu.

1. HAKIKISHA KWANZA INJINI IMEKUFA KWELI

Gari kukosa nguvu si lazima injini iwe imeisha. Plagi zilizochoka, chujio la mafuta lililoziba au pampu dhaifu vinaweza kukupa dalili hiyo hiyo. Gari kuchemsha kunaweza kuwa rejeta imeziba au feni haizunguki.

Mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda, na akuandikie namba. Silinda zote nne zikiwa nzuri na zinakaribiana, tafuta tatizo kwingine. Moja ikiwa chini sana, au zote zimeshuka na gari linakula oili, hapo ndipo mazungumzo ya injini yanaanza. Kipimo hiki ni cha muda mfupi na kinaweza kukuokolea pesa ya mtaji.

2. JUA KUSOMA JINA LA INJINI

Kwa Toyota, herufi za kabla ya kistari zinakwambia ukoo. 5A-FE ni ukoo wa A. 1NZ-FE ni ukoo wa NZ. 3C ni ukoo wa C, na hiyo ni dizeli.

Herufi za baada ya kistari zinakwambia tabia. E ni mafuta kupulizwa kwa umeme. Ukikuta S humo, mfano 1AZ-FSE au 3S-FSE, hiyo ndiyo D4 watu wanayoilalamikia: mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na pampu yake haipendi mafuta machafu. Ukiambiwa "injini ya bei poa, nguvu kibao" ukaona FSE, jiulize mara mbili.

Kingine: namba ya chesisi ya Toyota nyingi huanza na herufi za injini iliyozaliwa na gari. AE100 ni ukoo wa A. CE100 ni dizeli ya C. NCP, kama kwenye Probox nyingi, ni NZ. Kwa hiyo hata ukibadilisha injini, chesisi itaendelea kusema ukweli wa kuzaliwa. Mnunuzi mjanja atafungua boneti, atalinganisha, na atakuuliza karatasi. Tutarudi hapo.

3. NJIA ZILIZOPO, MOJA MOJA

Njia ya kwanza: injini ile ile. Corolla yako ilikuja na 5A-FE, unafunga 5A-FE nyingine ya mtumba. Vishikio vinakaa, waya zinaingia, giaboksi ni ile ile. Hii ndiyo kazi fupi kuliko zote. Shida ni kwamba injini hizi zina umri. Unaweza kununua iliyochoka kama ya kwako, tofauti ni kwamba imeoshwa ikang'aa.

Njia ya pili: 1NZ-FE. Hii ndiyo inayozungumzwa sana, na ina mantiki. Ukubwa ni karibu cc 1,500, sawa na 5A-FE, na nguvu zake hazipishani sana. Kwa hiyo usidanganywe kwamba gari litapaa. Faida yake ipo kwingine: 1NZ imo kwenye Probox, Succeed, IST, baadhi ya Vitz, Fielder, Spacio, Premio na Allion. Angalia barabarani sasa hivi, uhesabu. Plagi, koili, sensa, gasketi, vyote unavipata, na fundi wa mtaani ameshaifungua mara nyingi. Inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, kwa hiyo hakuna kubadilisha mkanda kila baada ya muda, mradi usichelewe kumwaga oili. Hii ndiyo ngeni kwenye boneti lakini mwenyeji mjini.

Njia ya tatu: dizeli kama 3C. Inavuta vizuri ukiwa na mzigo. Lakini ni nzito, ina chuma kingi, na pua ya gari itainama kama springi za mbele hazikuangaliwa. Rejeta inatakiwa iendane nayo. Mfumo wa mafuta wa petroli, kuanzia tangi, lazima usafishwe na kubadilishwa. Kama siku yako ni foleni ya Mwenge na vituo vifupi vifupi, faida ya dizeli utaiona kidogo.

Njia ya nne: injini ya mbio, mfano 4A-GE ya valvu 20. Toyota wenyewe waliwahi kuiweka kwenye Corolla wagoni kiwandani kule Japani, kwa hiyo inakaa vizuri. Lakini swali ni la biashara: mteja wako anakulipa zaidi kwa sababu ulifika na mngurumo? Spea zake ni za kuwinda. Waachie wenye hobi.

Njia ya tano: gesi. Hapa hubadilishi injini. Unaongeza mtungi na vifaa, gari linatumia gesi asilia na petroli inabaki kama akiba. Kwa uendeshaji wa kila siku gesi inapunguza gharama, ndiyo maana Dar imeipokea. Ila kumbuka mambo matatu. Mtungi unakaa kwenye buti, na buti ndiyo ghala lako. Foleni ya kujaza ni muda wa kazi, kwa hiyo angalia kituo kipo wapi kwenye njia zako za kila siku. Na gesi haiponyi injini mgonjwa: ikiwa kompresheni imekufa kwa petroli, kwa gesi itakuwa hivyo hivyo. Kafunge kwenye karakana inayotambulika, maana gesi inakaa ndani ya mtungi kwa presha ya karibu bar 200. Hiyo si kazi ya kuunga na waya.

Umeme je? Majirani wamejaribu. Nairobi kuna kampuni ya Opibus, sasa inaitwa Roam, iliyoanza 2017 ikibadilisha magari ya utalii yawe ya umeme. Kwa wagoni ya kubebea vitenge na sufuria, betri peke yake inaweza kuzidi bei ya gari. Jua tu kwamba ipo.

4. INJINI NI SEHEMU TU YA BEI

Hapa ndipo wengi wanakwama. Umeona 1NZ Ilala, umepata bei, ukafurahi. Lakini unapoiweka kwenye Corolla ya zamani, unahitaji pia:

✅ Giaboksi yake, kwa sababu ya zamani haikuumbwa kwa ukoo huo
✅ Kompyuta yake na waya zake zote, zisizokatwa
✅ Vishikio vya injini, ambavyo vitachomelewa au kutengenezwa upya
✅ Shafti za magurudumu zenye urefu na meno sahihi
✅ Mfumo wa mafuta: 5A inarudisha petroli ya ziada kwenye tangi, 1NZ hairudishi, kwa hiyo pampu na presha vinatofautiana
✅ Ekzosi, mabomba ya rejeta, na mabomba ya AC kama unaitaka
✅ Mshale wa spidi na taa za dashibodi, ambazo zinaweza zisielewane na giaboksi mpya

Ndiyo maana ni afadhali kununua kipande cha mbele cha gari kikiwa na kila kitu, kuliko kununua injini tupu halafu kuokota kimoja kimoja. Kitu kidogo kama funguo chenye chipu kinaweza kukukwamisha: kompyuta isipoutambua ufunguo, injini nzima nzuri inakataa kuwaka. Uliza kabla hujalipa.

Na usilipe bila kuisikia ikiwaka, au bila kupewa muda wa majaribio kwa maandishi. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta ute mweupe kama maziwa, maji yamechanganyika na oili, ondoka.

5. HESABU SIKU, SI SHILINGI PEKE YAKE

Tuseme unapeleka oda 8 kwa siku, na kila moja inakubakizia 6,000. Gari likiwa gereji unawapa boda, na nusu ya faida inaishia kwenye nauli. Unapoteza 3,000 mara 8, sawa na 24,000 kwa siku. Fundi alisema siku 5, ikawa 20. Zile siku 15 za ziada ni 360,000. Hela hiyo haipo kwenye makadirio ya fundi yeyote, lakini inatoka mfukoni kwako. Weka namba zako mwenyewe uone.

Kwa hiyo, na fundi mkubaliane hivi:
- Aorodheshe kila kifaa na bei yake. Hata meseji ya WhatsApp ni ushahidi.
- Lipa kwa hatua: injini ikikaa, gari likiwaka, gari likitembea na mzigo. Usimalize hela siku ya kwanza.
- Muulize ameshafunga injini hiyo kwenye gari la aina hiyo? Omba uone gari hilo, ongea na mwenyewe.
- Vifaa vyote vikamilike KABLA injini ya zamani haijatoka. Gari lililofunguliwa huku kifaa kinatafutwa ndilo linaloota majani gereji.

6. KARATASI

Kadi ya gari inaonyesha namba ya injini. Ukibadilisha injini, kadi inasema kitu kimoja na boneti kingine. Anzia TRA: waulize nyaraka na ukaguzi unaotakiwa kabla hujafunga, ili taarifa za gari zirekebishwe. Dai risiti ya EFD yenye namba ya injini, kwa sababu injini ya wizi ikikutwa kwenye gari lako, maelezo unatoa wewe, si muuzaji. Mjulishe na wakala wako wa bima. Siku ya ajali si siku ya kuanza kuelezana injini ilitoka wapi.

Na ukitaka kuliuza gari kesho, karatasi hizi ndizo zitakazotetea bei yako.

KWA KIFUPI

Kama 5A nzima inapatikana na gari lote bado zuri, rudisha ile ile, urudi barabarani. Kama umepata 1NZ kamili na vyote vyake, fundi anayeijua na karatasi safi, funga, ni mgeni mwenye ndugu kila mtaa. Kama bodi imeoza na hesabu nzima inakaribia bei ya Probox iliyotumika, acha kulea mgonjwa: uza hilo, ongezea, nunua gari lililozaliwa na injini hiyo.

Mteja wako hajui injini gani ipo ndani. Anachojua ni kwamba ulisema saa kumi, na saa kumi ulifika.

Hifadhi hii, na umtumie mwenzako ambaye gari lake liko gereji mwezi wa pili sasa.