Fahamu Namna Muziki wa Filamu Kongwe Unavyorekodiwa Upya

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

Joto na unyevu wa ukanda wa pwani, kuanzia Dar es Salaam hadi Bagamoyo na kuendelea kaskazini hadi Tanga, ni adui mkubwa wa filamu na kanda za zamani. Utepe wa filamu wa asetati ukikaa muda mrefu katika hali hiyo hutoa harufu ya siki, hujikunja na hatimaye huvunjika, nazo kanda za sauti huota ukungu. Hata pale picha inaposalimika, sauti yake huweza kuwa imekwisha kupotea.

Tanzania inao mfano wake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio wa filamu za elimu uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, uliofanya kazi Vugiri katika milima ya Usambara chini ya L. A. Notcutt, ulitengeneza filamu 35 zilizohusu masuala kama kilimo na afya. Sauti haikuwekwa kwenye utepe, bali kwenye santuri zilizopigwa sambamba na picha, ili filamu moja iweze kusimuliwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Utaratibu huo ulikuwa na gharama nafuu, lakini santuri ikivunjika au ikitenganishwa na utepe wake, filamu hubaki bubu. Leo ni filamu chache tu za mradi huo zinazojulikana kuwapo.

Katika miaka hiyo hiyo, Serikali ya Marekani nayo ilitengeneza filamu za makala kuhusu ardhi na mito, zikiwemo The Plow That Broke the Plains ya mwaka 1936 na The River, ambazo muziki wake ulitungwa na Virgil Thomson. Picha zilihifadhiwa vizuri, lakini sauti ilikuwa hafifu kutokana na mitambo ya wakati ule. Mwaka 2007 zilitolewa upya baada ya kundi la Post-Classical Ensemble la Washington, likiongozwa na Angel Gil-Ordóñez, kurekodi muziki wote kwa kufuata nota za mtunzi. Kwa kuwa maneno na muziki vilikuwa vimechanganywa katika mkondo mmoja wa sauti, masimulizi nayo yalilazimika kusomwa upya.

Kazi ya namna hiyo huanza kwa kutafuta nota. Zisipopatikana, mwanamuziki husikiliza sauti iliyosalia na kuiandika. Hatua ya pili ni kuhakiki mwendo wa filamu. Filamu za sauti huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde, ilhali nyingi zisizo na sauti zilipigwa kwa picha 16 hivi. Filamu ya dakika 10 iliyopigwa kwa picha 16 ikionyeshwa kwa mwendo wa picha 24 humalizika kwa dakika 6 na sekunde 40, na muziki wote huachana na picha. Baada ya hapo kiongozi wa okestra huongoza huku akitazama filamu, ndipo fundi anapounganisha muziki, masimulizi na picha.

Kwa upande wa Bagamoyo, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na kuwa wakala wa Serikali mwaka 2007, inafundisha muziki na ngoma za asili. Ujuzi huo ni muhimu, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki wa asili haikuandikwa kwa nota. Hukaa katika mikono na masikio ya wapigaji, na mpigaji mzee akifariki bila kurekodiwa, hakuna karatasi ya kurejea.

Ikumbukwe pia kuwa muziki unaweza kupigwa tena, lakini sauti ya mtu aliyekwisha kufariki haipatikani tena. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa kumbukumbu za aina hiyo, kurekodi upya hakuchukui nafasi ya kuhifadhi nakala ya awali.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inatambua haki za mtunzi, za wasanii waliopiga muziki na za mtayarishaji wa rekodi, kila moja kwa nafasi yake. Matumizi ya kibiashara ya sanaa za jadi nje ya mazingira yake ya asili huhitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).

Mwananchi mwenye filamu au kanda za zamani anashauriwa kuzihifadhi mahali pakavu na penye ubaridi, kutozicheza zinapokuwa na ukungu, na kutotenganisha utepe na santuri, kasha au maandishi yake. Aidha, asiitupe nakala ya awali baada ya kuihamishia kwenye kompyuta. Kwa kumbukumbu zenye umuhimu kwa Taifa, mamlaka yenye dhamana ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwa mujibu wa Sheria Na. 3 ya mwaka 2002.