Mtoto Mwenye Usonji Mbele ya Sahani

Katika mtaa wa Embulbul, mahali ambapo kaunti ya Kajiado inakaribia kuungana na jiji la Nairobi kwa upande wa Ngong, na ambapo Mmaasai, Mkikuyu, Mluhya na Mkamba hupanga vyumba katika ploti moja na kusikiana kupitia ukuta, si ajabu kumkuta mtoto wa miaka mitano au sita ambaye kwa mwaka mzima hajala ila ugali mweupe usio na mchuzi, chapati, na biskuti za aina moja zilizofungwa katika karatasi ya rangi ile ile. Naye akiwekewa sukuma wiki pembeni mwa sahani, hata kama mboga hiyo haijaugusa ugali wenyewe, hupiga ukemi, akaisukuma sahani, na pengine akatapika kwa kuiona tu. Majirani wana hukumu mbili zilizo tayari siku zote: ama mtoto amedekezwa, ama mama yake hajui kupika. Zote mbili ni batili, na iwapo mtoto ana usonji basi zina madhara pia, kwa kuwa humsukuma mama kwenye fimbo au kwenye kukata tamaa, na hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kumfunza mtoto wa namna hii kula.

Jambo lenyewe si geni. Tabibu Leo Kanner wa Baltimore, huko Marekani, alipowaeleza watoto 11 katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1943 kuhusu hali hii, alitaja kwamba kadhaa miongoni mwao walikuwa na taabu kubwa ya kula tangu uchanga, akaona kwamba chakula ndicho kitu cha awali kabisa kitokacho nje kuja kumwingilia mtoto. Miaka 70 baadaye, mwaka 2013, mtafiti William Sharp na wenzake wa Atlanta walizikusanya tafiti zilizokwisha kufanywa, wakapata kwamba shida za kula huwapata watoto wenye usonji takriban mara 5 zaidi kuliko wenzao. Wakapata kadhalika jambo ambalo ningependa kila muuguzi wa kliniki alijue, nalo ni kwamba watoto hao, kwa jumla, hawakupungukiwa na uzito wala kimo, bali walipungukiwa na kalsiamu na protini. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kupanda mizani, mstari katika kitabu chake cha kliniki ukaonekana unapanda vizuri, akarudishwa nyumbani kwa pongezi, ilhali mwili wake una njaa ya vitu ambavyo mizani haivioni. Zimeandikwa habari za watoto wenye usonji waliofikishwa hospitalini kwa sababu hawataki kutembea, matabibu wakahangaika na mifupa na neva, kumbe ni kiseyeye, maradhi ya mabaharia wa zamani, yatokanayo na kukosa matunda na mboga.

Kwa nini basi mtoto hukataa? Aghalabu hisi zake hupokea mambo kwa ukali usio wa kawaida, hata harufu ambayo sisi twaiona nyepesi yeye humjia nzito, na ute wa bamia au maji ya nyanya humkirihisha kupita kiasi. Juu ya hayo, nafsi yake hutulia pale tu mambo yanapokuwa kama yalivyokuwa jana. Tuitazame githeri, ambayo kwetu ni chakula cha heshima: kila kijiko kina punje ngumu na harage laini, ganda moja limepasuka na jingine halikupasuka, leo imekaangwa kwa kitunguu na kesho ina viazi ndani yake. Kwa mtoto asiyevumilia mabadiliko, hicho ni chakula kisichoaminika, lakini biskuti ya dukani haijamdanganya hata siku moja. Vivyo hivyo, maziwa ya pakiti huyanywa, na kule naoto, yaani maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu cha Kimaasai, yenye ukali wake na harufu yake ya moshi, huyakimbia. Wala hakuna katika hilo dharau yoyote kwa mila ya babu yake.

Kabla ya lolote, sharti mtoto aonwe na tabibu. Jino lililooza, choo kilichofunga kwa siku nyingi, kiungulia, vidonda vya kinywani, shida ya kumeza: kila kimoja katika hivi chatosha kumfanya mtu yeyote achukie kula, na ni dhuluma kumtibia tabia mtu mwenye maumivu. Mtoto anayepaliwa au kukohoa kila alapo, au anayepungua uzito, au aliyebakiwa na vyakula viwili vitatu tu na vyenyewe vinazidi kupungua, huyo asijaribiwe nyumbani.

Akiisha kuonwa, ilimu ya tabia ina la kusema. Mtoto akipiga ukemi na sahani ikaondolewa, amefunzwa kwamba ukemi huondoa sahani. Na mama, ambaye masikio ya ploti nzima yamemwelekea, akiiondoa na kelele zikakoma, naye amefunzwa kwamba kuondoa sahani huleta salama. Hakuna kati yao aliyekusudia kumfunza mwenziwe, walakini baada ya miezi kadhaa somo limewakaa wote wawili, na kila jioni hulirudia bila kujua. Ndiyo maana siafikiani na wale wasemao kwamba tiba itokanayo na ilimu hii ni ya kumnyoosha mtoto. Sehemu yake kubwa ni kuubadili mwenendo wa mtu mzima: saa anayopakua, kiasi anachopakua, na lile analolitenda katika nukta chache zinazofuata kukataliwa.

Huanza kwa kuandika. Kwa siku tatu hivi, kila kilichoingia kinywani kiandikwe, pamoja na saa yake na mkono uliokitoa, na mara nyingi daftari hilo peke yake hufichua siri: chai ya maziwa yenye sukari asubuhi, biskuti saa nne, mandazi ya kibandani, tena chai, hata saa ya mlo ikifika mtoto hana njaa ya kumsaidia. Kwa hiyo milo na vitafunio hupangiwa nyakati, na baina yake hutolewa maji tu, na mlo hauvuki nusu saa. Mtoto asinyimwe vyakula anavyovikubali, kwani hivyo ndivyo uhai wake. Viwepo sahanini, na kando yake kiwekwe kile kigeni kwa kiasi cha punje ya mchele.

Punje hiyo haikukusudiwa kuliwa siku ile. Kwanza mtoto ajifunze kustahimili kuwapo kwake mezani, kisha kwenye sahani yake, kisha kuigusa, kuinusa, kuifikisha mdomoni, kuilamba, na hatimaye kuitafuna na kuimeza, na kila daraja hukaliwa mpaka lizoeleke. Alifanyalo vizuri hulipwa papo hapo kwa kitu akipendacho kwa dhati, iwe wimbo, kipande cha chapati, au dakika moja ya simu. Mwanasaikolojia David Premack aliithibitisha kanuni hii mwaka 1959, kwamba tendo lipendwalo huweza kuliimarisha lisilopendwa likiwekwa nyuma yake, ingawa bibi zetu waliitumia kabla hajazaliwa. Ukemi ukitokea, mtu mzima hakaripii wala habembelezi. Hungoja kidogo, akashuka daraja moja, na mlo ukamalizika kwa jambo ambalo mtoto analiweza.

Njia nyingine ni ya kugeuza chakula kile kile pole pole. Ugali mweupe hutiwa kijiko kimoja cha unga wa wimbi, na baada ya siku kadhaa viwili. Unga wa chapati huchanganywa na malenge yaliyopondwa, kidogo sana, mbele ya macho yake. Nasisitiza mbele ya macho yake, kwa sababu mtoto akigundua kwamba ameghilibiwa, aweza kuitupa chapati yenyewe, na mama akabaki na vyakula viwili badala ya vitatu. Maadamu tumetaja unga, ifahamike kwamba sheria ya Kenya tangu mwaka 2012 imelazimisha unga wa mahindi wa pakiti utiwe vitamini, madini ya chuma na zinki, ilhali ule unaosagwa kwenye kinu cha posho kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Kwa mtoto aishiye kwa ugali, hitilafu hiyo si ndogo.

Ipo pia njia kali, ya kutoondoa kijiko mdomoni mpaka mtoto apokee, ambayo tafiti za hospitali za Marekani zimeonyesha kwamba hufaulu kwa watoto waliokataa chakula chochote. Sikanushi matokeo yake. Lakini hiyo ni kazi ya wataalamu, pamoja na tabibu karibu, na watu wazima wenye usonji wametoa malalamiko juu ya kulazimishwa kula walipokuwa wadogo ambayo hayafai kupuuzwa. Jikoni kwa mtu, baina ya mama aliyechoka na mtoto mwenye fadhaa, njia hiyo huwa ni ikrahi tupu.

Msaada upo, ingawa ni wa taabu. Hospitali ya Ngong iko jirani, lakini Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iko Kasarani, na kuvuka jiji zima kwa matatu zenye muziki, pamoja na mtoto asiyevumilia kelele, ni safari ambayo wengi huifanya mara moja wasirudi. Kwa hiyo kazi hurudi nyumbani, na nyumbani kuna shosho, yaani bibi. Mama akishika utaratibu wiki nzima, shosho, kwa huruma yake, humwita mjukuu kando akampa biskuti, na njaa iliyotunzwa tangu asubuhi ikapotea. Kumgombeza hakufai, yeye hampi biskuti ila kwa kuwa anapenda kuwa ndiye anayempa. Basi pakiti na ikae kwake, mezani, naye aambiwe angoje mpaka mtoto ailambe ile punje, kisha aitoe biskuti kwa mkono wake mwenyewe.