Kupiga "Jambo Bwana" kwa Kinanda cha Mdomo

Jua linapotua ng'ambo ya Ziwa Kivu, ufukwe wa Gisenyi hupata watu wengi, na miongoni mwao huwamo askari waliokwisha kukabidhi zamu zao. Mji huu una kiwanda cha bia tangu miaka ya 1950, nasi hatuna ugomvi nacho. Lakini saa za mapumziko zaweza pia kujazwa na chombo kinachoingia katika mfuko wa shati, kisichohitaji umeme wala spika. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya 1914–1918, askari wa pande zote mbili walikwenda nacho mahandakini, hasa kile cha kampuni ya Hohner iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1857.

Jioni moja tuliketi ufukweni hapo na wanafunzi wanne, askari wawili wa jeshi na wawili wa polisi, kila mmoja na kinanda chake, maana chombo cha mdomo hakiazimwi. Tulichagua "Jambo Bwana", utungo wa Teddy Kalanda Harrison uliotolewa na kundi la Them Mushrooms la Mombasa mwaka 1982. Ni vigumu kumpata mtu wa Gisenyi, au jirani yake wa Goma, asiyeujua. Maneno yake ni ya Kiswahili chepesi, na kiitikio chake hurudi upesi kabla mwanafunzi hajakata tamaa.

Kinanda cha kawaida kina matundu 10 na ndimi 20 za shaba: kila tundu hutoa sauti moja ukipuliza na nyingine ukivuta pumzi. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwanafunzi hudhani yampasa aanzie tundu la kwanza, kama afunguaye kitabu. Akifanya hivyo ataitafuta fa asiione, kadhalika la, kwa kuwa sauti hizo hazimo katika matundu matatu ya kushoto. Aanzie tundu la nne: apulize, kisha avute, la tano vivyo hivyo, na la sita vivyo hivyo. Hapo amekwisha kupata do, re, mi, fa, so, la. Kwenye tundu la saba mambo hugeuka: ti huvutwa kwanza, ndipo do ya juu ipulizwe. Ni kama kuruta aliyezoea kuanza na mguu wa kushoto, mara mwalimu wa kwata aamuru wa kulia.

Midomo ikazwe kama ya mtu anyonyaye soda kwa mrija, ili pumzi ipite tundu moja tu. Polisi wetu wawili walipuliza kama waongozao magari kwa filimbi. Ndimi zikasongwa, sauti ikafa. Pumzi ya mazungumzo yatosha.

Tuliwaamuru waviweke vinanda chini na kuuimba wimbo, mara tatu, bila haraka. Kisha kila mmoja aliitafuta sauti ya kwanza kwenye kinanda, hata kama haikulingana na ile ya redioni, na kuifuata ya pili kwa sikio: imepanda au imeshuka? Twaona njia hii ni bora kuliko kukariri namba za matundu, ingawa ni ya polepole na huwachosha wenye haraka.

Miongoni mwa wanne hao alikuwamo koplo ambaye zamani aliomba kuingia beni akaambiwa hana sikio la muziki. Kwa miaka mingi aliliamini neno hilo, na jioni ile aliketi nyuma ya wenzake. Tulipofika tundu la saba, wenzake watatu walipuliza kwa mazoea, wakaruka ti bila kujua. Koplo alisimamisha kinanda, akatikisa kichwa, akasema, "Afande, hapa kuna sauti imekosekana." Akarudi tundu la sita, akavuta, akaja la saba, akavuta tena. Akaipata.

Giza lilipoingia alikuwa amekwisha kupiga kiitikio chote, na wenzake wakimwimbia.