Gari Halioni Barabara

Paukwa! Mkishaitika pakawa, sogeeni, maana hadithi ya leo ni ya gari lililosema uongo bila kujua.

Alikuwepo mjomba mmoja pale Machakos mjini, mwenye gari dogo la kubeba mizigo. Siku za lami alikwenda Nairobi, mwendo wa kilomita 63 hivi. Siku za vumbi alishika njia za Mwala na Masii, ambako mawe yaliligonga gari tumboni. Akachoka nayo. Akaenda kwa fundi, akafungiwa matairi makubwa kuliko yale ya kwanza. Gari likainuka, na mawe hayakulifikia tena.

Mpwa wake, msichana wa gredi ya sita, alizoea kukaa kiti cha mbele akiishika simu ya mjomba yenye ramani inayoonyesha mwendo. Alikuwa amekariri jambo dogo: sindano ya dashibodi ikisoma 80, simu husoma 77. Sasa sindano ilikuwa kwenye 80 ileile, na simu ikasoma 81.

“Mjomba, kati ya hivi viwili, kipi kinasema kweli?”

“Gari, mwanangu. Simu iko mkononi mwako, gari ndilo linalogusa barabara.”

Jibu hilo linaingia akilini, sivyo? Hata hivyo si sahihi. Gari huigusa barabara lakini haliioni. Ndani yake kuna kihisi, kwenye giaboksi au karibu na gurudumu, na kazi yake ni kuhesabu mizunguko tu. Kiwandani gari lilifundishwa kwamba mizunguko kadhaa ni sawa na kilomita moja. Ukibadilisha ukubwa wa tairi, hakuna anayeliambia. Ni kama baba na mtoto wanaotembea kutoka stendi hadi People's Park, kila mmoja akihesabu hatua zake: njia ni moja, hesabu ni mbili, kwa sababu miguu haina urefu sawa. Simu yenyewe haihesabu mizunguko. Husikiliza setilaiti zilizo juu angani, kwa hiyo tairi lolote ulifungalo haliihusu.

Msichana yule hakutosheka na maneno. Alichuchumaa kando ya tairi akasoma maandishi yaliyo ubavuni. La zamani, lililokuwa limeegemezwa ukutani, liliandikwa 195/65R15. Shika kalamu tuhesabu naye. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 inamaanisha kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Jumlisha rimu na mbavu mbili, wa juu na wa chini, upate milimita 634.5. Zidisha kwa pai: mzunguko mmoja ni karibu milimita 1,993. Jipya liliandikwa 205/70R15. Hesabu ileile inatoa kipenyo cha milimita 668, na mzunguko wa karibu 2,099. (Ukitia alama ya chaki kwenye tairi na kulisukuma gari mpaka alama irudi chini, kisha upime kwa tepu, utapata pungufu kidogo, kwa kuwa uzito wa gari hulibonyeza tairi. Jaribu, lakini mtu mzima awe kwenye breki.)

Sentimita 10 na nusu kila mzunguko! Tairi la zamani lilizunguka kama mara 502 kwa kilomita, jipya mara 476. Gari likaona mizunguko imepungua, likadhani limekwenda polepole na limefika karibu. Kumbe kwa kila mwendo uliosomwa, mwendo wa kweli ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 kuliko awali.

Na zile 77 za mwanzo je? Hilo lilikuwa kusudi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayofuatwa na watengenezaji wengi inakataza kipima mwendo kuonyesha chini ya mwendo halisi. Kuzidisha kidogo inaruhusu. Kwa hiyo kiwanda humwachia dereva akiba ndogo ya usalama. Matairi makubwa yaliila akiba ile yote, na juu yake kilomita moja kwa saa. Asilimia 5 yaonekana kidogo, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuizima hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo hapa inaongezeka kwa karibu asilimia 11. Nawawaza watoto wanaovuka barabara pale Mlolongo na Kyumvi, na hesabu hii hainipi raha.

Kuna mahali Machakos hukohuko, Kyamwilu, ambapo gari lililowekwa gia huru huonekana likipanda mlima lenyewe. Watu huja kutoka mbali kujionea. Pale macho ndiyo yanayodanganyika na umbo la mteremko, na sindano husema kweli. Kwa mjomba ilikuwa kinyume: macho hayakuwa na kosa, sindano ndiyo iliyopotoka.

Baada ya wiki chache mjomba alilalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta. Tuseme lilitumia lita 5 kutoka Nairobi hadi nyumbani. Mita ya umbali, ambayo nayo huhesabu mizunguko, ilisoma karibu 60 badala ya 63. Akagawanya, akapata kilomita 12 kwa lita, wakati kweli ilikuwa 12.6. Sehemu ya unywaji huo wa mafuta haikuwepo kabisa. Ilikuwa kwenye hesabu.

Lakini sehemu nyingine ilikuwepo. Tairi kubwa na pana ni zito, na kulianzisha kila baada ya tuta kunataka nguvu. Tena, kila gia sasa inalipeleka gari mbali zaidi kwa mzunguko mmoja wa injini, hivyo msukumo kwenye lami unapungua. Kwenye barabara tambarare huenda usigundue. Panda vilima vya Iveti na mzigo nyuma, utasikia injini ikiomba gia ndogo.

Mjomba alirudi kwa fundi, safari hii pamoja na mpwa wake na daftari lake. Fundi akawaonyesha tairi la 205/55R16: rimu kubwa zaidi, ubavu mfupi zaidi. Msichana akakokotoa palepale. Kipenyo milimita 631.9. Tofauti na lile la kwanza haikufika hata nusu ya asilimia, na sindano ingerudi kusema yale iliyofundishwa kiwandani. Kwa mawe ya Masii, fundi akasema, dawa ni kuinua springi kidogo na kwenda taratibu.