MVUA YA MAWE NA PAA LA NYUMBA YAKO

Wewe mkulima ukaaye Kericho, Nandi, Kisii au Nyandarua, huna haja ya kuambiwa mvua ya mawe ni kitu gani. Umeiona ikipukutisha chai na kulaza mahindi. Lakini je, umepata kutazama inavyolifanya paa la nyumba yako? Wengi hukimbilia shamba, na paa hulisahau mpaka maji yadondoke kitandani.

Mvua hii ina asili yake. Upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, hupanda milima na kukutana na upepo wa mashariki. Mawingu hupanda juu sana penye baridi kali, na matone huganda yakawa barafu. Ndiyo sababu aghalabu huanguka baada ya adhuhuri. Katika miaka ya 1960 huko Kericho walijaribu kuizuia kwa roketi na ndege, lakini mawe yangali yanaanguka. Mwezi wa Septemba 2008, Busara, karibu na Nyahururu, barafu ilifunika ardhi hata watu wakadhani ni theluji.

Usidhani hatari ni mapigo ya mawe tu. Bati zuri huyastahimili mara nyingi. Hatari kubwa ni barafu inayobaki juu. Ikijaa ndani ya mfereji, au pale mapaa mawili yanapokutana, huziba njia ya maji. Mvua ikizidi kunyesha, maji hurudi nyuma, hupanda chini ya bati, na kuingia nyumbani. Tena barafu ni nzito. Lundo la kimo cha sentimita 10 juu ya mita moja ya mraba laweza kufika kilo 50, yaani mfuko mzima wa simenti. Mfereji dhaifu hung'oka.

Basi fanya hivi kabla mawingu hayajakusanyika:

Kwanza, safisha mifereji kila mwezi, na ukate matawi yanayoinamia paa. Majani ya mkaratusi yakichanganyika na barafu huziba kabisa.

Pili, kagua vyuma vinavyoshika mfereji. Visiachane zaidi ya mita moja.

Tatu, tazama misumari. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lake, nao uwe na kofia na kipande cha mpira. Uliolegea uondoe, upige mwingine.

Nne, hakikisha mabati yamepandana vizuri: ubavuni mgongo mmoja na nusu, na mwishoni sentimita 15 au zaidi.

Tano, ununuapo bati, uliza geji. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Bati jembamba ni rahisi dukani, lakini likipata kutu, mawe hulitoboa.

Mvua ikiisha, usipande juu ya paa mara moja, maana barafu huteleza na mtu huvunjika mguu. Weka ngazi imara, mtu mwingine aishike, na uzibue mfereji kwa kijiti. Usitumie panga wala jembe, kwani utatoboa bati. Kesho yake, jua likiwaka, ingia ndani, funga madirisha, utazame juu. Mahali paonekanapo mwanga ndipo pa kuziba.

Kazi hii si ya kupendeza nyumba tu. Wengi wetu huweka mahindi ndani. Mahindi yakilowa huota ukungu, na ukungu mwingine una sumu isiyokwisha kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Gunia lililolowa likaushwe siku ile ile, na mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe na mtu wala mnyama.

Msumari mmoja ni wa bei ndogo. Gunia la mahindi ni chakula cha watoto wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta.