Fahamu: Setilaiti huuonaje moto wa Kilifi?

Moto ukizuka katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, setilaiti haitafuti ndimi zake, hupima joto. Kifaa kiitwacho VIIRS, kilichorushwa mara ya kwanza 2011, hupita mnamo saa saba na nusu, mchana na usiku. Hugawa ardhi vipande vya mita 375, na kile chenye joto zaidi kuliko majirani zake hutiwa alama kwenye ramani ya bure ya NASA baada ya saa tatu hivi. Moshi huonekana katika picha za mchana. Wingu zito huficha vyote. Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba alama haijui nia: shamba linalochomwa eneo la Ganze kabla ya masika hufanana na msitu unaoteketea. Setilaiti za Meteosat hutazama mara nyingi zaidi, kila baada ya dakika chache, lakini moto mdogo huukosa.