Mashine ya Majani Isiyo na Moshi

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunalijua fyekeo, na baadhi yetu tumesukuma mashine ya petroli katika nyua za watu. Siku hizi ipo mashine ya kukatia majani inayotumia betri. Haitoi moshi, na kelele zake ni chache.

Mapafu na masikio yatapata nafuu, lakini kisu ni kile kile. Usitie mkono chini ya mashine kabla ya kuchomoa betri, hata kama imenyamaza. Okota mawe kwanza, na uvae viatu vigumu. Usikate majani yenye umande, maana hugandamana chini ya mashine na kumaliza chaji upesi. Yakiwa marefu, kata mara mbili: kwanza juu, kisha chini.

Liko jambo la pili: nani alipe? Huko California, Marekani, sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2021 iliagiza kuzuiwa kuuzwa kwa mashine mpya za bustani za petroli zilizotengenezwa kuanzia 2024. Wakata majani wenye zana zao wenyewe walilalamika kwamba mashine za betri ni ghali, na chaji haimalizi siku ya kazi. Serikali ikatenga dola milioni 30 kuwasaidia wadogo.

Sisi tunasema: hewa safi ni ya wote, basi gharama yake isimwelemee msukuma mashine peke yake. Mwenye nyumba anayetaka ua ukatwe kimya kimya, na anunue mashine, betri ya akiba na viatu vya mfanyakazi.